DAFTARI ZILIUNGUA, KIJIJI KIKABAKI
Maisha ya Profesa M. N. Srinivas wa Bara Hindi

Wahenga walituachia neno kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo hakuna mwenye duka asiyelijua katika mji wowote wa Pwani yetu. Lakini je, likiungua daftari lenyewe? Mali itakuwa imekwisha, au kuna mali ambayo moto hauifikii?

Wasomaji wapenzi, leo tutamzungumza Mhindi mmoja ambaye jambo hilo lilimfika. Jina lake kamili ni Mysore Narasimhachar Srinivas, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1999. Hakuwa mfalme wala mwanasiasa, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mwalimu wa elimu ya jamii, ile ambayo Wazungu huiita sosiolojia, na kwao India hakuna asomaye elimu hiyo pasi na kulikuta jina lake.

Sisi wa Pwani twawajua Wahindi tangu zama za mababu. Majahazi yamekuja na kaskazi kutoka Kachi na Bombay, yakarudi na kusi. Tumenunua kwao nguo na bizari, na wengine tumeswali nao safu moja, maana wamo Waislamu wengi miongoni mwao. Lakini ule mpango wa ndani wa Mabaniani, nani huoana na nani, nani hula chakula cha nani na nani hakigusi, wengi wetu tumeuona kwa nje tu, kama mpita njia aonavyo nyumba iliyofungwa madirisha. Srinivas alilifungua dirisha hilo, na alilifungua kutoka ndani, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake.

Elimu yenyewe

Elimu ya kuchunguza jinsi watu waishivyo pamoja si ngeni katika Uislamu. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kizima juu ya Wahindi, dini zao na desturi zao, bila matusi. Baada yake alikuja Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, ambaye katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 aliiweka elimu hii mbali na hadithi za wafalme, akaiita elimu ya umran.

Hata hivyo, kwa namna ifundishwavyo leo katika vyuo vikuu, elimu hii iliingia India katika zama za Waingereza. Chuo Kikuu cha Bombay kilifungua idara yake mwaka 1919 chini ya Mskoti aitwaye Patrick Geddes, na mwaka 1921 Chuo Kikuu cha Lucknow kikamweka Mhindi, Radhakamal Mukerjee, kuongoza masomo hayo huko. Mwaka 1924 kiti cha Bombay nacho kilikaliwa na Mhindi, Govind Sadashiv Ghurye, mtu wa pwani ya Konkan, aliyebobea katika Kisanskriti kabla ya kwenda kusoma Cambridge.

Lakini palikuwa na ugawaji mmoja uliowakera wengi. Wazungu walipojichunguza wenyewe, waliiita kazi hiyo sosiolojia. Walipotuchunguza sisi wengine, Waafrika, Wahindi na watu wa visiwani, waliiita anthropolojia, kana kwamba binadamu ni wa namna mbili. Tena serikali ya Kiingereza iliwahesabu Wahindi kwa jati zao, yaani yale matabaka ya kuzaliwa, na katika hesabu ya mwaka 1901 ikajaribu hata kuyapanga kwa cheo, nani yu juu na nani yu chini. Ni katika hali hiyo ambapo Srinivas alikuja kusoma.

Kuzaliwa na masomo

Alizaliwa tarehe 16 Novemba 1916 katika mji wa Mysore, kusini mwa India, dola iliyokuwa ikitawaliwa na Maharaja chini ya kivuli cha Waingereza. Nyumba yao ilikuwa ya Mabramini, tabaka la makuhani na wasomi. Baba yake alikuwa amekiacha kijiji cha wazee wake, Arakere, akahamia mjini ili watoto wapate elimu. Basi Srinivas alikuwa mtoto wa mjini ambaye asili yake ilikuwa shamba. Kijiji alikijua kwa kusikia zaidi kuliko kwa kukaa. Hali hiyo yafahamika vizuri hata kwetu, ambako wengi hutaja kwao kwa fahari ingawa hawajalala huko mwezi mzima.

Mwaka 1936 alipata shahada yake ya kwanza hapo Mysore, kisha akaenda Bombay kwa Ghurye. Mwalimu huyo alikuwa mkali na mwenye bidii isiyo kifani. Yeye aliamini kwamba ufunguo wa jamii ya Kihindi umo katika vitabu vya kale, na kwamba mwanafunzi yampasa avijue. Lakini vilevile aliwatuma wanafunzi wake wakachunguze watu wao, kila mmoja upande wake. Srinivas akaandika juu ya ndoa na familia katika nchi ya Mysore, kitabu kilichotoka mwaka 1942, kisha akawachunguza watu wa milima ya Coorg, jirani na kwao, akapata udaktari mwaka 1944.

Mwaka 1945 alivuka bahari kwenda Oxford. Huko alimkuta Radcliffe-Brown, aliyewahi kuishi kwa watu wa visiwa vya Andaman, na baada yake Evans-Pritchard. Huyu wa pili si mgeni kabisa kwetu. Alikaa kwa Wanuer na Wazande wa Sudan, aliwatembelea Wajaluo wa Kenya mwaka 1936, alifundisha Cairo, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya tarika ya Sanusiyya kule Libya. Walimu hawa walimfundisha Srinivas jambo ambalo Bombay hakulipata vizuri: kwamba desturi moja haifahamiki peke yake. Ukitaka kujua maana ya harusi, tazama shamba. Ukitaka kujua maana ya shamba, tazama ibada. Na ukitaka kuyajua yote, nenda ukakae na wenyewe.

Rampura

Evans-Pritchard alimtafutia kazi ya ualimu hapo Oxford, nafasi mpya ya kufundisha elimu ya jamii ya India, kisha akamruhusu autumie mwaka wa kwanza kwenda kukaa kijijini. Basi mwaka 1948, India ikiwa haijatimiza mwaka tangu kupata uhuru na kugawanyika, na Gandhi akiwa ameuawa mwezi wa Januari, Srinivas aliingia katika kijiji kimoja cha nchi ya Mysore. Katika maandishi yake alikibandika jina la Rampura, ili kuwasitiri wenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Kijiji kilikuwa na watu kama elfu moja na mia tano. Karibu nusu yao walikuwa wakulima wa jati iitwayo Okkaliga. Walikuwapo wafuga kondoo, wahunzi, wafinyanzi, madobi, makuhani, Waislamu, na wale walioitwa wasioguswa, waliotengewa makazi yao mbali kidogo na wengine. Srinivas alipewa nafasi katika nyumba ya mzee wa kijiji iliyokuwa ya maksai. Hapo ndipo palipokuwa baraza yake. Watu walikuja, wakakaa, wakauliza habari za Ulaya, wakasengenyana, wakagombana juu ya mipaka na maji. Naye akasikiliza na kuandika.

Kuna kisa kimoja chenye mafunzo. Siku moja mzee wa kijiji alimwona mgeni wake akinyoa ndevu baada ya kuoga. Mzee akashangaa, kwani kwa mila yao kunyoa huleta unajisi, na mtu hunyoa kwanza ndipo aoge. Mkulima akawa anamfundisha Bramini dini yake! Tangu hapo Srinivas alitambua kwamba wanakijiji nao walikuwa wakimchunguza, na kwamba walimtaka awe Bramini hasa, si Bramini aliyerudi kutoka Uingereza.

Jambo kubwa alilolipata Rampura ni hili. Vitabu vitukufu vya Kihindu husema watu ni tabaka nne, zilizopangwa mara moja na kwa nchi nzima. Lakini kijijini aliona jati nyingi, na cheo cha kila moja kikibishaniwa. Huyu adai yu juu ya yule, na yule hakubali. Yule apewaye cheo kikubwa na vitabu aweza kuwa maskini anayemtegemea mkulima. Srinivas akasema pana mtazamo wa kitabuni na pana mtazamo wa uwanjani, na mwanachuoni asiyetoka nyumbani huuchukua wa kwanza akadhani ndio wa pili. Hakuvidharau vitabu. Alisema tu kwamba havitoshi.

Ngazi ya ustaarabu

Katika kitabu chake juu ya watu wa Coorg, kilichotoka Oxford mwaka 1952, Srinivas alieleza jambo ambalo limempa jina hata leo. Aliona kwamba jati ya chini ikipata nafuu ya mali, mara nyingi huanza kufuata mwenendo wa jati za juu. Huacha nyama, huacha pombe, hubadilisha ibada na namna ya kuoza mabinti, hata hujitafutia jina jipya na nasaba tukufu. Baada ya kizazi kimoja au viwili hudai cheo kipya, na pengine hukipata. Aliiita hali hiyo kwa jina la Kisanskriti, lugha ya vitabu vya Kihindu.

Ili kufahamu aliloliona, hatuna haja ya kwenda mbali. Natulitazame neno letu wenyewe la ustaarabu. Asili yake katika Kiarabu ni kuwa kama Mwarabu, au kujifanya Mwarabu. Sisi twalitumia kwa maana ya adabu na maendeleo, lakini ndani yake mmefichwa kisa kirefu cha watu waliotaka kuhesabiwa waungwana, wakabadilisha mavazi, wakabadilisha majina, wakazitafuta nasaba ng'ambo ya bahari. Walio wazee wataelewa bila kuelezwa zaidi.

Srinivas aliongeza mambo mawili ya busara. La kwanza, ngazi hii haipandwi na mtu mmoja. Hupandwa na jati nzima. La pili, ngazi yenyewe haiondoki. Aliyepanda amebadilisha mahali pake, lakini juu pamebaki juu na chini pamebaki chini. Katika mihadhara aliyoitoa Marekani mwaka 1963, iliyotoka kitabuni mwaka 1966, alionyesha pia jinsi kuiga Uzungu kulivyokwenda sambamba na kuiga Ubramini. Wakati walio chini wakipanda kuelekea Ubramini, Mabramini wenyewe walikuwa wakielekea London.

Kutoka Rampura alitoa pia fikira ya jati yenye nguvu. Si lazima iwe ile ya Mabramini. Ni ile yenye watu wengi, yenye ardhi, na isiyokuwa chini mno kwa cheo cha ibada. Wazee wake ndio waamuao ugomvi wa kijiji kizima, hata wa jati nyingine. Baada ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa India, wa mwaka 1951 na 1952, wanasiasa waliwafuata wazee hao ili wawapatie kura za wafuasi wao. Katika maandishi yake ya mwaka 1955 Srinivas aliwaita wazee wa namna hiyo benki za kura. Neno hilo limetoka kijijini Rampura likaingia katika magazeti ya India, na maana yake haihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kenya.

Mwalimu wa walimu

Angeweza kubaki Oxford mpaka uzee. Lakini mwaka 1951 aliiacha kazi yake akarudi kwao, kwenda kuanzisha idara katika Chuo Kikuu cha Baroda, huko Gujarat, nchi ambayo ndiyo asili ya familia nyingi za Kihindi za Pwani yetu. Mwaka 1959 akaitwa Delhi, akajenga idara nyingine iliyopata sifa duniani kote. Katika Baroda na Delhi aliwatoa wanafunzi kama A. M. Shah na André Béteille, ambao nao wakawa maprofesa wenye majina.

Aliwasisitizia wanafunzi wake mambo mawili. Kwanza waende uwanjani, wakakae. Pili wasiukubali ule ugawaji wa Wazungu. Mhindi achunguzaye watu wake, aseme ni sosiolojia au ni anthropolojia? Kwa Srinivas hilo halikuwa swali. Watu ni watu, na elimu ni moja.

Moto

Kwa miaka 18 Profesa Srinivas alikuwa akizipanga habari alizozikusanya Rampura, ambako alirejea pia mwaka 1952. Kila jambo aliliweka mahali pake: mashamba, ndoa, ibada, magomvi, ukoo kwa ukoo. Kazi za idara zilimnyima nafasi ya kuandika kitabu. Hatimaye alipata mwaliko wa kwenda kukaa katika kituo cha wataalamu huko Stanford, jimbo la California, mahali pa utulivu ambapo hakuna la kufanya ila kusoma na kuandika. Akazichukua karatasi zake, nakala zote tatu.

Siku hizo Marekani ilikuwa imechafuka kwa maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Tarehe 24 Aprili 1970 kituo kilitiwa moto na watu wenye nia mbaya. Chumba cha Srinivas kilikuwa miongoni mwa vile vilivyoungua, na nakala zote tatu zilikuwa humo. Daftari za mwanzo, zile za kijijini, zilikuwa zimebaki Delhi, lakini kazi ya miaka 18 ya kuzichambua na kuzipanga iligeuka majivu. Alikuwa na umri wa miaka 53, umri ambao mtu hafikirii kuanza upya.

Aliyemwinua ni mtaalamu mwenziwe wa Chicago, Sol Tax. Yeye alimpa shauri ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa kama mzaha: aandike kitabu kwa kumbukumbu tu. Srinivas akakaa akaandika. Wakaja mbele yake mzee wa kijiji na ukali wake, jirani mpole, mshirika mjanja asiyeaminika, mazungumzo ya jioni, harufu ya maksai, hofu ya mvua kuchelewa. Mambo ambayo karatasi zilikuwa zimeyakausha yalirudi yakiwa na roho. Kitabu kilitoka mwaka 1976 kwa jina la The Remembered Village, yaani kijiji kilichokumbukwa, na mpaka leo chahesabiwa miongoni mwa vitabu bora juu ya kijiji cha India.

Sisi tuliosoma chuoni twajua siri yake. Mtoto huandikiwa ubaoni, husoma mpaka yakamkaa, kisha ubao huoshwa. Maandishi huenda na maji, na hakuna aliaye, kwani yaliyokusudiwa yamekwisha ingia kifuani. Moto wa Stanford ulimwoshea Srinivas ubao wake.

Lawama na mwisho

Si kwamba hakulaumiwa. Wako waliosema, hasa kutoka kwa wale walioonewa, kwamba alikitazama kijiji kutoka juu. Si kila aliye chini hutamani kumwiga aliye juu. Wengine hutamani kutoka katika ngazi kabisa, kama alivyofanya Dakta Ambedkar, aliyezaliwa katika wasioguswa, alipoingia dini ya Kibudha pamoja na malaki ya wafuasi wake mjini Nagpur mwezi wa Oktoba 1956. Na kama walivyofanya wengi kabla yao walipoingia Uislamu.

Lawama hiyo ina haki, na uungwana wa Srinivas ni kwamba mwenyewe alikiri. Alisema wazi kuwa picha yake ya Rampura ilikuwa picha ya watu wa jati za juu. Wenyeji wake hawakupenda aende ovyo kwenye makazi ya wasioguswa, naye hakuwavunjia heshima. Wanawake pia hakuweza kukaa nao, akiwa mwanamume peke yake. Mtu huona kutokana na baraza aliyokalishwa.

Mwaka 1972 aliondoka Delhi kwenda Bangalore, karibu na kwao, akasaidia kuimarisha taasisi ya uchunguzi wa maendeleo ya jamii iliyoanzishwa na mchumi V. K. R. V. Rao. Mwaka 1977 serikali ya India ilimtunukia nishani ya Padma Bhushan. Aliendelea kuandika juu ya mabadiliko ya jati mpaka uzee wake, akafariki hapo Bangalore tarehe 30 Novemba 1999, akiwa na umri wa miaka 83.

Basi turudi kwenye swali letu la mwanzo. Kumbukumbu ilimrudishia Srinivas kila kilichoungua, kwa sababu alikuwa amekiona na kukaa nacho. Lakini haikuweza kumpa asichokiona. Katika kitabu chake kizuri, upande ule wa wasioguswa umebaki gizani nusu, na giza hilo halikuletwa na moto wa California. Lilikuwapo tangu siku aliyokaribishwa kukaa katika nyumba ya mzee wa kijiji. Anayetaka kuandika habari za mtaa wake, iwe Lamu, Mombasa au Vanga, na ajiulize kwanza amekaa katika baraza ya nani, na ni mlango wa nani hajapata kuubisha hodi.